Meno Ishirini na Moja

Jino la kumi na tatu lilikuwa limefika nusu Trizah aliponiambia nisipumue.

"Ninapumua polepole," nikamwambia.

"Usipumue kabisa. Hiyo shaba nimeimimina mara mbili. Ya tatu sina."

Nilizima mashine ya kukereza, nikapuliza vumbi la shaba, nikahesabu tena kabla ya kuendelea. Donge la shaba, pana kama kisahani cha chai, lilikuwa limefungwa kwenye mhimili mfupi niliouweka juu ya mashine. Nyuma yake, kwenye mhimili uleule, nilikuwa nimefunga gia ya mbele ya baiskeli, ile ya Black Mamba, yenye meno arobaini na mawili. Nilihitaji ishirini na moja. Kwa hivyo kila nikimaliza kukata natoa pini, naruka jino moja la baiskeli, narudisha pini, nakata tena. Kila jino nililiandikia nambari yake kwa kalamu ya wino mzito. Mtu anayehesabu kichwani kuna siku ataitwa mlangoni, na akirudi atakata ishirini na mbili.

"Kumi na tatu," nikasema.

"Kumi na tatu," Trizah akaitikia kama tuko kanisani.

Trizah Ogada ana kibanda cha kuyeyusha vyuma, ukuta mmoja na changu, nyuma ya Industrial Area ya Nakuru. Anamimina sufuria, vyuma vya meko, miguu ya cherehani. Baba yake alikuwa mmiminaji katika karakana ya reli, na babu yangu alipaka grisi ekseli za mabehewa karakana hiyohiyo. Sisi wawili hakuna aliyefundishwa kazi hii darasani. Yeye alikua karibu na tanuri. Mimi nilinunua mashine mbovu mwaka wa 2003, nikaifungua hadi skrubu ya mwisho, nikairudisha yote, na siku ilipozunguka nikajua kwamba nimejifunza kitu.

Mwenye gari, Kui, alikuwa amekaa juu ya tairi karibu na mlango, chupa ya chai katikati ya miguu. Ni mwalimu wa Njoro na siku hiyo, Ijumaa, alikuwa ameomba ruhusa shuleni.

"Khaemba," akaita, "bado ngapi?"

"Nane."

"Na ukikosea moja?"

"Tutakuwa na sahani nzuri ya kuweka funguo," Trizah akamjibu.

Kui alicheka, lakini akaangalia nje. Gari lenyewe lilikuwa hapo, Pijo 404 jeupe, lile lenye nyuma ndefu, limepandishwa juu ya mawe bila ekseli. Baba yake, Mzee Karanja wa Ndabibi, alilinunua mwaka wa 1973, akabebea maziwa, maharusi na wagonjwa wa kijiji kizima. Mzee alifariki mwaka jana. Gari lilikata roho mwezi wa tatu, karibu na Gilgil, likiwa mikononi mwa Kui. Jumapili hii jamaa zao walikuwa wakikutana Ndabibi kwa ibada ya mwaka mmoja, na walikuwa wameshakubaliana. Gari likifika huko likitembea lenyewe, ni la Kui. Likifika likiburutwa, au lisipofika, kaka yake Lewis analiuza kwa mtu wa Nairobi aliyekwisha kuona picha.

Shida ilikuwa kitu kimoja tu. Magari mengi ya aina hiyo yana gia mbili za chuma kwenye ekseli ya nyuma. Hili lina skrubu nene ya chuma iliyoshikana na gurudumu la shaba. Skrubu inazunguka, inasukuma meno ya gurudumu, na gari linakwenda kimya sana. Skrubu ilikuwa nzima. Gurudumu la shaba lilikuwa limekwisha meno kama mzee.

Nilitafuta jingine kwa miezi miwili. Nilipiga simu Grogan kwa wauza vipuri, nikatuma picha Eldoret na Kampala. Watu walinicheka kwa heshima. Bwana mmoja wa Gilgil, Odongo, alikuwa nalo, nikaenda kuliona, likawa bovu kuliko letu. Yeye mwenyewe aliligeuza mkononi akasema, "Boss, hii nilikuwa nimekuwekea, lakini siwezi kukuuzia. Nitaona haya." Ndipo niliporudi nikamwambia Kui kwamba tutalitengeneza.

Sikuwa nimewahi kutengeneza moja. Hilo pia nilimwambia.

Donge la kwanza Trizah alilimimina kwa mabomba na makufuli ya zamani. Liling'aa vizuri. Lakini mimi hupenda kujua kabla ya kuamini, nikalivunja pembeni kwa nyundo, na ndani lilikuwa na chembe kubwa za manjano kama sukari. Laini. Lingeisha kabla ya kufika Naivasha. Trizah hakukasirika. Alikwenda wiki nzima akitafuta, akarudi na mapanga ya pampu kuukuu za maji kutoka shamba la maua lililofungwa. Akamimina kipande kidogo cha kujaribu, akakivunja kwenye jiriwa, akaniita. Ndani kilikuwa cha kijivu chekundu, chembe ndogondogo, kama chapati ya ngano safi.

"Hiyo ndiyo," alisema. "Hiyo haiumwi."

Na sasa hiyo ndiyo ilikuwa mbele yangu. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na tisa. Nilipotoa kisu kwenye la ishirini na moja, nikasogeza pini mara moja zaidi, kisu kikaingia katikati ya jino la kwanza bila kugusa upande wowote. Duara lilikuwa limefunga. Nilisikia Trizah akitoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu asubuhi.

"Sasa unaweza kupumua," akaniambia.

Hayo yalikuwa meno ghafi tu, mifereji iliyonyooka. Meno ya kweli yana mkunjo unaofuata skrubu, na kuyamalizia nilihitaji kisu chenye umbo la skrubu yenyewe. Nilikuwa nimekitengeneza mapema, kwa wiki mbili. Nilikichonga kwa kipande cha ekseli ya lori, nikifuata nyuzi za skrubu ya zamani moja baada ya nyingine, kisha nikakikata mifereji ili kiwe na makali. Trizah alikichoma hadi kikawa rangi ya nyanya mbivu, tukakizamisha kwenye oili chafu. Kilipotoka hakukuwa na tupa iliyoweza kukikwaruza.

Nilikifunga. Nikalegeza gurudumu la shaba ili liwe huru, lizunguke linavyotaka. Nikawasha mashine kwa mwendo wa chini kabisa, nikasogeza shaba taratibu hadi ikagusa.

Gurudumu likaanza kuzunguka.

Hakuna aliyelisukuma. Kisu kilikuwa kikilishika jino, kinalinyoa kidogo, kinahamia lijalo. Vinyweleo vya shaba vilianza kuanguka, vyembamba, vya dhahabu, vikajaa kwenye trei. Kui alisimama akaja karibu, akasahau chai.

"Linajitengeneza," alisema.

"Bado. Lakini linajua njia."

 Nina miaka hamsini na mbili na nimekereza bolti za pampu, shafti za posho mill, bushi za trela, lakini sijawahi kuona kitu nilichokichora kwenye karatasi ya daftari kikianza kuzunguka mbele yangu hivyo. Nilisogeza kwa upana wa unywele mmoja. Nikasubiri lizunguke mara kumi. Nikasogeza tena. Sikutaka mtu yeyote aniambie chochote.

Tukiwa tumebakisha kidogo sana, stima ikapotea.

Mashine ilizima kwa mlio mrefu. Kisu kilibaki ndani ya shaba, na karakana nzima ikanyamaza hadi tukasikia kuku wa jirani.

"Usiguse," nikasema. "Vimesimama pamoja, hakijaharibika kitu."

"Itarudi?" Kui akauliza.

"Pengine saa nane. Pengine kesho."

Trizah aliangalia mkanda unaotoka kwenye mota. Akavua sweta. "Mwalimu, njoo hapa. Shika mkanda huu, mimi nashika ule. Tunavuta kama tunateka maji."

Na ndivyo tulivyomaliza. Wanawake wawili walivuta mkanda, mkono kwa mkono, mimi nikiwahesabia: vuta, shika, vuta. Kui alikuwa na kucha zilizopakwa rangi nyekundu, na nilipoziona zimejaa grisi nyeusi nilitaka kuomba radhi, lakini alikuwa akicheka na kuhema. Trizah alimwambia kama wanafunzi wa Njoro wangemwona sasa hivi wangeanza kumsalimia kwa adabu. Stima iliporudi tulikuwa tumebakisha mizunguko sita. Tuliimalizia kwa mkono tu. Hakuna aliyetaka kuipa mashine sifa.

Sasa ilibidi kujua kama linashikana. Katika vitabu wanatumia rangi ya buluu. Sikuwa nayo.

"Una lipstick?" nikamwuliza Kui.

"Fundi!" Trizah akasema.

Kui alinipa. Niliipaka skrubu ya zamani, safu nyembamba, nikaviweka viwili pamoja ndani ya nyumba yao ya chuma na kuzungusha kwa mkono mara tatu. Nilipotoa gurudumu kila jino lilikuwa na alama nyekundu katikati, ndefu kama mbegu ya boga, haikupanda juu wala kushuka chini. Nilihesabu. Ishirini na moja.

Kui alichukua gurudumu kwa mikono miwili. "Ni zito," alisema. 

Wakati huo ndipo Lewis alipofika. Ni mtu mrefu, anauza mbolea Gilgil, na tangu mwanzo hakuwa adui. Alitaka tu jambo liishe.

"Sasa, boss," akaniambia. "Niaje, Kui. Mbona uko na grisi hadi kwa shingo?"

"Nimefanya kazi. Wewe umekuja kuangalia kama tumeshindwa."

"Mimi nilisema wekeni ekseli ya Toyota. Mngekuwa mmefika Ndabibi Jumatano."

"Na gari gani?"

Lewis aliinua mikono. Lakini aliona gurudumu, akalichukua, akalizungusha kwenye mwanga wa mlango muda mrefu. "Hii mmeitoa wapi?"

"Hapo," Trizah akasema, akionyesha lundo la majivu.

Akatikisa kichwa. Akarudi kwenye pikapu yake, akaja na mtungi mpya wa oili ya difu, ya gia za ekseli ya nyuma, ile nzito, ya bei. "Haya. Sitaki mseme sikuchangia. Nimeuliza duka nzima, wamesema hakuna kali kuliko hii."

Ilikuwa zawadi ya kweli, na nilimshukuru. Nilifungua mtungi nikachukua faneli. Lakini nina desturi: sifungi kifaa kipya kabla sijaosha cha zamani na kuviweka sambamba, ili nijue cha kwanza kilikufa kwa nini. Kwa haraka ya wiki hiyo sikuwa nimefanya hivyo. Basi nikaliosha gurudumu la zamani kwa petroli na brashi.

Siku zote nilidhani lilikwisha kwa kusuguana. Meno yalikuwa yamesagika, ndiyo. Lakini lilipokauka niliona kwamba hata kitovu chake, upande wa ndani ambako hakuna kitu kinachogusa, kilikuwa cheusi na chenye vishimo vidogo kama maganda ya machungwa. Hapo hapasuguliwi na chochote. Hapo panaogeshwa tu.

Niliweka faneli chini.

"Nini?" Lewis akauliza.

"Nipe saa tatu."

"Saa tatu za nini? Boss, kesho ni Jumamosi."

"Najua. Nipe saa tatu."

Nilichukua makopo mawili madogo ya nyanya. Katika la kwanza nikatia oili ya Lewis, katika la pili nikatia mafuta mengine ambayo nitayasema. Ndani ya kila kopo nikadondosha vinyweleo vya shaba vilivyonyolewa asubuhi, ving'avu kama pete. Nikayaweka kwenye ukingo wa tanuri la Trizah, mahali ambapo tone la mate linaruka lakini moshi hautoki. Ekseli inapopanda mlima kutoka Gilgil hupata joto kama hilo. Kisha tukala githeri na kungoja, na niliwaambia nitaeleza baada ya kuona, kwa sababu kama nimekosea ningekuwa nimewatisha bure.

Saa tisa nilimwaga makopo yote mawili juu ya karatasi ya gazeti.

Shaba ya kopo la pili ilikuwa bado dhahabu. Ya kopo la kwanza ilikuwa nyeusi kama mkaa.

"Hiyo oili ni feki?" Lewis alishtuka. "Nitawarudia leo leo."

"Si feki. Ni nzuri sana. Kwa gia za chuma. Dawa inayoipa nguvu inakula shaba."

"Na hii nyingine ni nini?" Kui akauliza. Alikuwa ameokota unywele wa dhahabu na kuuweka kwenye kiganja.

"Mafuta ya nyonyo. Trizah hupaka nywele."

"Za mbele tu," Trizah akasema. "Zilikuwa zinakatika."

Nilijua nilichopaswa kusema, na sikuona njia ya kukisema kikawa kifupi.

"Kui, mwaka wa 2014 baba yako alileta gari hili hapa."

"Najua. Ndiyo maana nilikuja kwako. Alisema wewe una mkono mwepesi."

"Nilimwaga oili ya difu. Ilikuwa ya manjano, inanata, inanuka kama nyumba ya bibi. Nikamwuliza ni nini, akasema ni ya mbarika, ule mti wa nyonyo wenye mbegu za madoa unaoota kando ya barabara. Nilicheka, Kui. Nikamwambia mzee, hizo ni za kupaka ngozi, dunia imeendelea. Nikaweka hii ya kisasa. Nilichagua iliyo kali kuliko zote, kwa sababu nilimpenda."

Lewis alikuwa ameegemea mlango. "Kwa hivyo ni wewe," alisema polepole. "Wewe ndiye uliua hii kitu."

"Ndiyo."

Tanuri lilikuwa likipasuka-pasuka. Kui aliangalia vipande viwili vya shaba, cheusi na cha dhahabu, akavisogeza kwa kidole.

"Na yeye hakukataa?"

"Alisema, 'Wewe ndiye fundi.'"

Kui alitoa pumzi puani, nusu kicheko. "Huyo ni yeye kabisa. Alikuwa anaitengeneza mwenyewe nyuma ya jikoni, anajificha watu wasione. Aliambiwa na wale waliomuuzia gari kwamba inataka mafuta ya aina hiyo, na yalipokosekana madukani akayatengeneza. Angeweza kukwambia."

"Angeniambia kama nisingecheka."

 Kui alifunika shaba kwa gazeti, akalikunja vizuri, akalitia kwenye mkoba wake. Sijui kwa nini, na sikumwuliza.

"Leo umeng'amua kabla ya kumwaga," hatimaye alisema. "Ungeimwaga, tungefika Jumapili tukishangilia, na baada ya miaka kumi ningekuja kukulilia hapa tena."

"Fundi ameua mgonjwa," Trizah akasema, "halafu amemtengenezea moyo mpya. Wengine huua tu. Sasa, tutalia ama tutatafuta mafuta?"

Difu ile inataka lita moja na nusu. Chupa ya nywele za Trizah ilikuwa imebaki robo. Kui alimpigia mama yake Ndabibi, akaweka simu wazi. Waliongea Kikuyu, nami nikasikia neno la mbarika mara nne au tano, kisha kicheko kirefu cha mwanamke mzee upande ule.

"Anasema jerikeni ya baba iko ghalani," Kui akatueleza. "Imebaki kama nusu lita. Amekuwa akipaka bawaba za lango na visigino."

"Nusu lita," nikasema. "Bado lita moja."

Lewis alikuwa akitazama gari kupitia mlangoni. Nilimwona akitoa simu mfukoni, akaiangalia, akairudisha. Nadhani ilikuwa ni yule mtu wa Nairobi.

"Chemist wanauza, si ndiyo?" akauliza.

"Wanauza. Lakini iwe tupu, isiwe na manukato."

Aliondoka na pikapu. Alirudi saa kumi na nusu na mfuko wa karatasi, uso umemwiva.

"Msinicheke. Nimezunguka chemist saba, tangu Kenyatta Avenue hadi stage. Kila mahali naambiwa chupa ni ndogo, chukua mbili. Kwa ile ya mwisho yule msichana ameniuliza, 'Mzee, ni wangapi nyumbani wamefunga choo?' Nikamwambia ni gari."

"Akasema nini?" Kui alikuwa ameshikilia mbavu.

"Ameniambia pole. Akaniongezea moja ya bure."

Trizah alikaa chini kabisa, juu ya mchanga wake wa kumimina, akacheka hadi akajifuta macho kwa sweta. Tulizipanga chupa juu ya meza. Nilizisoma moja moja, nikaweka kando tatu zilizokuwa na harufu ya waridi. Zilizobaki tukazimimina kwenye chombo chenye vipimo. Nusu lita, na tone juu.

"Kwa hivyo," nikasema, "nusu lita iko hapa. Nusu lita iko Ndabibi. Na nusu lita bado iko ndani ya mbegu."

Kui alipiga simu tena. Mama yake alikuwa ameshaanza. Kulikuwa na debe la mbegu kavu, na alikuwa amemwita jirani yake Wawira, wakazikaanga, na sasa walikuwa wakizitwanga. Nyuma ya sauti yake tulisikia mchi ukigonga kinu. Usiku huo wangechemsha na kuengua mafuta yanayoelea, wayaache yatulie hadi alfajiri, wayachuje kwa kitambaa. Aliuliza kitu kwa ukali kidogo.

"Anataka kuongea na fundi," Kui akasema.

Nilishika simu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye ulisema ni ya kupaka ngozi?"

Kui alikuwa amemwambia. "Ni mimi, mama."

"Hata ngozi inapaka. Ukimaliza ulete mikono yako Jumapili niione." Akakata.

Lewis alijitolea kwenda kupokea chupa Gilgil. Gari la maziwa la kutoka Ndabibi hupita pale saa kumi na mbili na robo asubuhi. "Nitakuwa hapa saa moja na nusu," aliniambia. Kisha, akiwa na mkono kwenye mlango wa pikapu: "Yule mtu nimemwambia angoje Jumapili jioni. Sijamwambia hapana. Ikifika, imefika."

"Sawa," nikasema. Ilikuwa haki.

Tulitumia mwanga uliobaki kuingiza gurudumu mahali pake. Nilipaka kila jino mafuta ya chupa kwa kidole, ishirini na moja, nikalaza skrubu juu yake, nikafunika. Kui alizungusha kwa mkono kutoka upande mmoja huku mimi nimeweka sikio kwenye chuma. Hakukuwa na mlio. Nilimwambia azungushe tena, na tena, si kwa sababu ya kazi.

Nati nane za kifuniko nilizikaza kwa vidole tu. Bado kulikuwa na kuivuta ekseli chini ya gari, breki zote mbili za nyuma, kuchuja mafuta mara ya pili hapa kwangu, na kuyajaribu kwenye kopo na shaba kabla ya kuyamwaga, hata yakiwa ya mama. Halafu mwendo wa polepole hadi Lanet na kurudi, kushika ekseli kwa kiganja kuona imepata joto kiasi gani. Niliandika yote kwa mpangilio kwenye ukurasa mpya, kuanzia saa kumi na mbili na nusu.

Trizah alifunika tanuri kwa bati. "Kesho nakuja saa ngapi?"

"Kazi yako imeisha, Trizah."

"Nimekuuliza saa ngapi."

"Kumi na mbili na nusu."

Nilikata kipande cha karatasi ngumu ya kasha, nikaandika kwa herufi kubwa USIWASHE – DIFU HAINA MAFUTA, nikakifunga kwa waya kwenye usukani. Kisha nikazima taa, nikarudi kuangalia kama nilikuwa nimeifunika faneli isiingie vumbi.